Kujali au Kuchunga: Ulinganisho wa Tabia Zinazofanana Katika Uchumba

Mchumba anayekupigia simu mara tano kwa siku huenda anakupenda kwa dhati, na huenda anakuchunga kama mali aliyoiweka rehani. Idadi ya simu ni ile ile. Ndiyo maana vijana wanaopewa ushauri kwa njia ya orodha, kwamba afanyaye hili ni hatari na afanyaye lile ni salama, huishia kumkuta mtu wao katika orodha zote mbili, kisha huamua kwa kufuata kile ambacho moyo ulikuwa tayari umekitaka. Katika makala hii ninaziweka mbili mbili tabia zinazofanana kwa sura, moja ikiwa ya mapenzi yenye heshima na nyingine ikiwa dalili ya mapema ya madhara, na ninajaribu kuonyesha mahali zinapoachana, ili anayesitasita kati ya kuendelea na kuondoka apate cha kushika.

Nimekaa katika posa kadhaa, mara nyingi nikiwa shangazi wa binti na mara chache nikiwa katika msafara wa upande wa kijana. Nimekaa pia katika vikao vya kurudishiana mahari, ambako watu huongea kwa sauti ya chini kama walio msibani. Katika vikao hivyo sikumbuki hata mara moja kumsikia mhusika akisema kwamba jambo lililomfikisha pale lilimjia ghafla baada ya harusi. Kila mmoja alitaja kitu alichokiona wakati wa uchumba, akakipa jina zuri, akaendelea na safari. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria kwamba karibu msichana mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kuwa na mwenzi alikuwa tayari amefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na mwenzi. Umri huo ni wa mwanzo kabisa wa mahusiano, wakati ambapo wazazi wengi wanadhani kwamba bado ni mapema kuwa na wasiwasi wowote zaidi ya ule wa mimba.

Kujali na kuchunga

Tumelelewa katika lugha inayousifu wivu. Nyimbo za taarabu zinauimba, kanga zinaubeba, na mashoga wanapokutana saluni humhurumia yule ambaye mtu wake haonyeshi wivu wowote. Sina ugomvi na wivu kama hisia, kwa sababu anayependa huogopa kupoteza. Ninachomwomba msomaji akiangalie ni nani anayeubeba. Mchumba mwenye wivu wa kawaida atakuambia kwamba hakufurahi ulipocheka sana na jirani yako harusini, mtazungumza, pengine atanuna hadi jioni, lakini hisia ile itabaki kuwa yake na kazi ya kuituliza itakuwa yake. Anayechunga huugeuza wivu wake kuwa sheria kwako: usivae ile, usipokee simu baada ya saa mbili usiku, usipande gari la yule, na harusini kwenyewe usiende kabisa.

Binti mmoja wa kwetu, anayeuza katika duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa akipigiwa simu ya video na mchumba wake kila jioni akiwa njiani kurudi nyumbani. Alinieleza jambo hilo kwa fahari, maana barabara ya kwao haina taa na kijana alitaka kuhakikisha kwamba amefika salama. Baada ya miezi miwili simu zilianza kuja mchana. Kisha akatakiwa aizungushe kamera ili ionekane ni nani yuko dukani, na hatimaye akatakiwa aombe kuhamishwa kaunta kwa sababu aliyekuwa akikaa naye alikuwa mwanamume. Kila hatua iliizidi ile ya nyuma kwa kiasi kidogo tu, kiasi kwamba kuikataa kungeonekana kuwa ni ukorofi. Nilimuuliza, "Mwanangu, siku usipopokea huwa kunatokea nini?" Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Shangazi, siku hizo huwa naogopa hata kuiwasha simu."

Swali hilo nimelitumia mara nyingi tangu wakati ule, na ninalitegemea kuliko kipimo kingine chochote. Tabia ya mtu ukiwa umemkubalia haikuambii mengi, kwa kuwa karibu kila mtu ni mwema anapopata anachokitaka. Mkatalie jambo dogo, kwa adabu na bila kumjaribu kwa hila: mwambie kwamba Jumamosi hii utakuwa kwa mama, au kwamba simu yako utaifunga ukiwa kazini. Anayejali atasikitika na pengine atauliza sababu, kisha atakubali, na Jumatatu mtaendelea bila deni. Anayechunga ataichukua hapana yako kama mwanzo wa majadiliano: atarudi nayo kwa upole, atarudi nayo kwa lawama, atarudi nayo kwa hasira, na usipokubali atakulipiza kwa kukaa kimya siku nne.

Suala la nenosiri la simu linahitaji kusemwa peke yake, kwa sababu wachumba wengi siku hizi wameliweka kuwa kipimo cha uaminifu. Kuna wanaofunguliana simu kwa hiari kwa kuwa hawana haja ya kuzifunga, na baada ya wiki mbili hakuna anayekumbuka kuziangalia. Hao hawana tatizo. Upande wa pili yuko anayedai nenosiri kama haki, akasoma mazungumzo yako na dada yako, akakuta sentensi moja ya mwaka juzi, na kesho yake akaanza upya kutafuta. Upekuzi wa namna hii hauna siku utakayofikia mwisho na kusema kwamba umeridhika. Niongeze kwamba katika simu yako mna siri za watu wengine, rafiki aliyekuambia ugonjwa wake au kaka aliyekuambia deni lake, na hao hawakumpa mchumba wako ruhusa yoyote.

Kuhusu marafiki na ndugu, tofauti hujionyesha kwa hesabu. Mchumba anaweza kukuonya juu ya rafiki mmoja, akakupa sababu unayoweza kuichunguza mwenyewe, kisha akakuachia uamuzi. Mwingine atamwonea kasoro kila aliye karibu nawe, mmoja baada ya mwingine: huyu mmbeya, yule mhuni, mama yako anaingilia, kaka yako anamdharau. Ukijumlisha baada ya miezi sita utagundua kwamba waliobaki wa kukusikiliza ni yeye peke yake. Hali hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko ugomvi wa wazi, kwa kuwa siku utakapohitaji mahali pa kukimbilia utakuwa umekwisha kugombana na kila mwenye mlango.

Nia ya ndoa na haraka ya kukumiliki

Mwanamume anayetamka ndoa mapema husifiwa kwa kutopoteza muda wa mtoto wa watu, na sifa hiyo wakati mwingine anaistahili. Lakini nia na haraka ni vitu viwili, na kwa bahati nzuri taratibu zetu za posa zinavitenganisha vizuri sana. Mwenye nia hupita mlangoni: hutafuta mshenga, huandika barua, huleta wazee, hukubali kuulizwa anafanya kazi gani na aliwahi kuoa au la, na huvumilia majibu yanapochelewa. Mwenye haraka huahidi makubwa zaidi katika mwezi wa kwanza, akakuita mke wangu kabla hajamjua hata mjomba wako mmoja, akataka uhamie kwake mwisho wa mwezi, lakini kila siku ya kuleta wazee inapokaribia anapatwa na udhuru. Maneno yake yanakimbia na miguu yake imesimama.

Muda una kazi katika jambo hili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na Kanisa Katoliki hutangaza ndoa kanisani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hizo ni nafasi zilizowekwa makusudi ili mambo yaliyofichwa yapate wakati wa kutoka. Mtu anayetaka kuziruka zote, na anayekasirika unapotaja kwamba baba mdogo wako amesafiri na ni lazima asubiriwe, amekupa taarifa yenye thamani kubwa, nawe uipokee.

Kuhusu kuhamia kwa mchumba kabla ya ndoa, nitasema jambo la kisheria tu. Mitaani husemwa kwamba mkikaa pamoja miezi sita tayari ninyi ni mume na mke. Sivyo ilivyo. Kifungu cha 160 cha sheria hiyo hiyo kinazungumzia miaka miwili au zaidi ya kuishi pamoja kwa namna ambayo watu wamewatambua kama mume na mke, na hata hapo inayopatikana ni dhana tu ambayo upande wa pili unaweza kuikanusha mahakamani. Anayekuhakikishia kwamba huhitaji posa wala cheti kwa kuwa sheria inawatambua anakuuzia kitu ambacho hana.

Faragha na kufichwa

Wapo watu wasiopenda kuweka picha za mchumba wao kwenye mitandao, na wana sababu nzuri za kuogopa macho ya watu. Hilo lisikusumbue. Faragha huwafungia nje watu wasiohusika, lakini huwaacha ndani wanaohusika: rafiki yake mmoja wa karibu, dada yake, mtu anayekaa naye nyumba moja. Anayekuficha huwafungia nje wote. Humjui hata mmoja wa watu wake, hujui anakolala, mnakutana mahali pale pale saa zile zile, na ukimpigia wikendi simu haipatikani. Baada ya miezi minane ya hali hiyo swali la kwamba ana mwingine au hana limekuwa dogo. Kubwa ni kwamba amekupangia nafasi katika maisha yake bila kukuuliza kama inakutosha.

Katika mlango huu huu huingia suala la picha za faragha. Mtu anaweza kukuomba, ukakataa, akaona aibu yake na jambo likaisha. Anayerudi mara tatu, akisema kwamba wengine hutuma au kwamba humwamini, anataka kushika kitu chako ambacho baadaye hutaweza kukinyang'anya. Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 imefanya usambazaji wa picha za utupu za mtu mwingine kuwa kosa la jinai. Hata hivyo hukumu ya mahakama huja baada ya picha kuzunguka, na heri picha isiwepo kabisa.

Kusaidiana na kunyonywa

Hapa nitachelewa kidogo, kwa sababu fedha ndiyo sehemu ambayo kujiheshimu kwetu hutikisika bila sisi wenyewe kutambua, wanawake kwa wanaume.

Kusaidiana kuna kipimo, kuna mwisho, na huenda pande zote mbili hata kama si kwa shilingi zinazolingana. Kijana anamlipia mchumba wake ada ya muhula mmoja. Binti naye anamtafutia wateja wa fenicha zake na kumwandikia hesabu. Mmoja akikwama analisema jambo lenyewe lilivyo, anataja kiasi, na baadaye anarudisha taarifa ya kilichofanyika. Anayenyonya huja na dharura isiyoisha. Leo ni mgonjwa, wiki ijayo ni msiba, kisha mzigo umezuiwa, kisha mwenye nyumba amefunga mlango kwa kufuli, na kila mara ni lazima fedha zitumwe sasa hivi kabla hujafikiri, wala usimwambie mtu yeyote kwa kuwa ataaibika. Ukimwambia kwamba mwezi huu huna, fuatilia kinachotokea kwa yale mapenzi: kwa mwenye shida ya kweli yatabaki palepale, na kwa mnyonyaji yatapoa kabla ya saa moja jioni.

Wanaume nao nawataja makusudi, kwa kuwa tumewazoeza kuona haya kulalamika. Kijana anayetuma nauli na mgeni asifike, akatuma tena na mgeni asifike, hahitaji kuchekwa. Anahitaji rafiki wa kumwambia kwamba ameombwa fedha na mtu ambaye hana nia ya kuonana naye. Halikadhalika binti aliyechukua mkopo wa mshahara kwa jina lake ili mchumba anunue pikipiki ya biashara, na pikipiki ikasajiliwa kwa jina la mchumba. Ningependa kila mtu ajue kwamba mkopo humfuata aliyeusaini, na chombo humfuata aliyeandikwa kwenye kadi. Kama mapenzi ni ya kweli, kuandika majina yote mawili hakutayapunguza, na anayekasirishwa na karatasi amejibu swali ambalo ulikuwa unaogopa kuliuliza.

Mapenzi ya mtandaoni na mtu wa ng'ambo ambaye hujawahi kuonana naye yana sura yake maalumu. Baada ya wiki chache za maneno matamu, anasema amekutumia kifurushi chenye simu na vito, na kisha mtu mwingine anakupigia akidai kwamba kifurushi kimezuiwa forodhani na kinahitaji kulipiwa. Malipo ya Serikali ya Tanzania hufanywa kwa kumbukumbu namba inayotolewa kwenye mfumo wa Serikali, na hakuna ofisa wa forodha anayepaswa kukutumia namba yake ya simu ili umwekee ushuru. Ukifika hapo, kata mawasiliano yote mara moja, usibaki kubishana.

Upo pia unyonyaji unaokuja kwa kutoa. Kuna anayetoa zawadi na kuisahau, na kuna anayetoa na kuandika. Huyu wa pili atakununulia simu, na mara ya kwanza utakapokataa jambo lake, hasa jambo la kimwili, atakukumbusha simu ilinunuliwa na nani. Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 71, inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, iwapo mahakama itaridhika kwamba mtoaji aliitoa kwa sharti la ndoa. Kwa hiyo anayetaka chake ana mlango halali wa kupita. Hakuna sheria yoyote inayompa haki ya kulipwa kwa mwili wako. Zawadi unayohisi ina kamba, irudishe mapema ikiwa bado iko kwenye boksi lake, ukiwa na shahidi.

Ugomvi wa kawaida na vitisho

Wachumba wasiogombana kabisa hunitia mashaka, maana pengine mmoja wao amekwisha kunyamazishwa. Ugomvi wa kawaida huhusu jambo: ulichelewa, ulinidanganya juu ya fedha zile, ulinisema vibaya mbele ya rafiki zangu. Una joto, una maneno ya kujutia, lakini mwisho wake kila mmoja bado ana heshima yake. Ugomvi wa hatari huliacha jambo na kumgeukia mtu: sura yake, elimu yake, kabila lake, kutozaa kwake, au siri aliyokuambia usiku mmoja akilia. Anayekukumbusha jeraha lako ili ashinde mabishano ya kuchelewa amekuonyesha atakachokifanya siku mtakapogombania nyumba.

Tazama pia hasira inamwangukia nani. Mtu husema kwamba hana uwezo wa kujizuia, lakini bosi wake anapomtukana anajizuia vizuri, na trafiki anapomsimamisha anatabasamu. Simu anayoivunja ni yako, haivunji yake. Kwa hiyo uwezo wa kujizuia anao, na anachagua mahali pa kuuacha. Kuvunja vitu, kupiga ukuta karibu na kichwa chako, kuendesha gari kwa kasi ukiwa ndani ili uogope, kukunyang'anya funguo: haya yote ninayaweka upande mmoja na kipigo, ingawa mkono haujakugusa.

Kuhusu msamaha, zipo namna mbili, na zote mbili zinaweza kuwa na machozi. Mwanasaikolojia wa Marekani Lenore Walker alieleza mwaka 1979 mzunguko wa awamu tatu: mvutano unaojengeka, mlipuko, kisha kipindi cha majuto na mapenzi tele, kabla ya mvutano kuanza upya. Si kila ukatili hufuata mzunguko huo, lakini maelezo yake yanasaidia kuona kwa nini wiki ile ya maua na zawadi, ambayo wengi huichukulia kuwa ushahidi wa kubadilika, inaweza kuwa sehemu ya jambo lile lile. Msamaha wa kweli hulitaja kosa kwa jina lake, haumsingizii aliyekosewa, hukubali adhabu na umbali, na hufuatiwa na tendo: anakwenda kwa mzee wake au kiongozi wake wa dini na kulisema mwenyewe, anaacha pombe, anakubali uchumba usimame miezi sita. Msamaha wa kukurudisha husema "nilikosea, lakini wewe ulinichokoza", na hukasirika usipokubaliwa siku hiyo hiyo.

Wako wanaotishia kujiua wakiachwa. Mtu aliye katika huzuni kubwa kweli anastahili msaada wa haraka, na msaada huo ni ndugu zake na hospitali, kwa hiyo wajulishe watu wake mara moja bila kuficha. Ukifanya hivyo umetimiza wajibu wako kwake kama binadamu. Kubaki katika uchumba ili asijidhuru si tiba anayoihitaji, na anayetishia kila unapotaka kwenda kwenu, kisha akatulia unapobaki, anakitumia kifo kama kufuli.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania, kifungu cha 66, inasema kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Kama mwenye cheti cha ndoa hana haki hiyo, mchumba ataipata wapi? Kenya, kwa Sheria ya Kinga Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, imewataja waziwazi waliochumbiana kuwa miongoni mwa wanaolindwa, na ndani ya ukatili imehesabu pia ukatili wa kihisia, wa kiuchumi na kumfuatafuata mtu. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake, na kilio kimojawapo kilikuwa kwamba jamii huuliza marehemu alifuata nini kule kabla ya kuuliza aliyemuua ni nani.

Subira na kujidhalilisha

Jozi hii ndiyo ngumu kuliko zote, kwa kuwa inagusa fadhila ambayo sisi wenyewe tumeifundisha. Mvumilivu hula mbivu, tunawaambia wasichana unyagoni na wavulana jandoni. Lakini anayesubiri embe liive husimama chini ya mwembe wenye maua. Subira yenye heshima ina kitu inachokisubiri na kina dalili ya kuja: kijana hana kazi lakini anatafuta kila siku, binti amefiwa na mama yake na bado hajarudi katika hali yake, wazazi wa upande mmoja wanapinga na mchumba anazungumza nao kwa upole mwezi baada ya mwezi. Katika subira hiyo unachoka, lakini unapojiangalia kwenye kioo bado unamtambua uliyemzoea. Kujidhalilisha ni kusubiri mtu abadilike ambaye hajasema kwamba anataka kubadilika, huku wewe ndiye unayebadilika: umeacha kucheka kwa sauti, umeacha kwaya, unaomba radhi kwa makosa ambayo huyajui, unawadanganya ndugu zako kwamba aliyekupiga kofi ni mlango wa kabati.

Wengi huogopa kwamba wakijiheshimu wataonekana kuwa na kiburi. Mwenye kiburi huwawekea watu masharti ili awe juu yao. Mwenye kujiheshimu huweka mipaka ambayo yeye mwenyewe yuko tayari kuifuata kwa mwenzake: asiyetaka kupekuliwa hapekui, asiyetaka kutukanwa hatukani, asiyetaka kufichwa hafichi. Ukijikuta unadai usilolitoa, jirekebishe kwanza wewe, kwa kuwa dalili hizi zote ninazozieleza mtu anaweza kuzisoma na kujikuta yeye ndiye mwenye nazo.

Kusema, kusogea kando, au kuondoka

Baada ya kulinganisha tabia, kinachobaki ni kulinganisha njia. Kama ulichokiona ni kasoro bila vitisho, mathalani mtu mbishi, mwenye wivu wa kelele, au asiyejua kuomba radhi, njia ya kwanza ni kusema waziwazi mara moja, mchana, mahali penye utulivu, kwa kutaja tendo na kile utakachokifanya likijirudia. Usiseme unachokusudia kutokitekeleza. Njia hii inafaa pale ambapo unaweza kusema bila kuogopa, na kama moyo unakudunda kwa hofu ya namna atakavyopokea maneno hayo, basi umetoka katika eneo la kasoro na njia hii haikufai tena.

Kusogea kando kwa muda kunafaa pale unaposhindwa kupambanua. Rudi kwenu au kaa kwa dada yako wiki nne, bila kuonana naye, na umweleze kwamba umeomba muda huo ili ufikiri. Faida yake ni kwamba inakupa usingizi na inampa yeye hapana ndefu ya kuishi nayo. Anayeiheshimu wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu amekusemea jambo jema juu yake. Anayejitokeza kazini kwako siku ya tano ameshakujibu.

Kuondoka ni kwa pale palipo na kipigo, vitisho, kulazimishwa kimwili, au mtego wa fedha, na hapo sishauri hatua za katikati. Wengi hunaswa na jambo moja: posa imekwisha kupokelewa, kishika uchumba kimeliwa, kadi za mchango zimegawiwa. Naomba ieleweke kwamba uchumba unaweza kuvunjwa. Kwa Waislamu posa haimpi mchumba mamlaka ya mume. Katika Kanisa Katoliki kanuni ya 1062 haimruhusu mtu kudai ndoa ifungwe kwa sababu tu iliahidiwa. Na Sheria ya Ndoa ya Tanzania inamruhusu aliyevunjiwa ahadi kudai fidia, lakini fidia hiyo haizidi hasara halisi ya gharama alizoingia kwa ajili ya ahadi hiyo. Wazee wanaweza kurudisha walichopokea. Nimewahi kuona familia ikiuza mbuzi watatu ili kurudisha mahari ya binti yao, na baba yake alisema mbele ya kikao kwamba mbuzi huzaliwa tena.

Kama unamwogopa unayemwacha, usimpe habari hiyo mkiwa wawili chumbani, wala usikubali "kuonana mara ya mwisho ili tuagane vizuri". Toa kwanza vyeti vyako, kitambulisho na kadi ya benki, badilisha maneno yote ya siri, mjulishe ndugu mmoja na jirani mmoja, kisha mpelekee taarifa kwa simu au kupitia mshenga yule yule aliyeleta barua. Hifadhi ujumbe wa vitisho bila kuufuta. Ukiwa umeumizwa nchini Tanzania, katika vituo vingi vya polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo utapewa fomu namba 3 ya polisi ya kupeleka hospitali; ukiwa katika hali mbaya anza na hospitali. Nchini Kenya namba 1195, ya msaada kwa waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo. Mwombe shangazi, kaka au rafiki akusindikize, na kama hakuna wa kukusindikiza, nenda hivyo hivyo asubuhi, wakati ofisi ina watu.